Jicho Linalouma, Kisha Likagoma Kugeuka

Ugonjwa wa Tolosa-Hunt ni mchochota unaozuka nyuma ya jicho moja, ndani ya fuvu, ukaleta maumivu makali na kuidhoofisha misuli inayoligeuza jicho hilo. Chanzo chake hakijajulikana. Huwapata wanaume na wanawake, vijana na wazee, na ni nadra: makadirio yanayotajwa sana katika vitabu vya tiba ni mtu mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya kwenye mpaka na Uganda, ambamo mna mji wa Busia na ule wa Malaba ulio kaskazini yake, ilihesabiwa watu 893,681 katika sensa ya 2019. Kwa hesabu hiyo kaunti nzima ingetarajia mgonjwa mmoja hivi kwa mwaka, na mwaka mwingine asionekane hata mmoja. Tabibu anaweza kufanya kazi mpakani hadi astaafu bila kukutana naye, au akakutana naye asimtambue.

Dalili zake, hata hivyo, si za ugonjwa huu peke yake. Jicho linalouma huku likiona vitu viwili viwili huletwa pia na maradhi yaliyo mengi zaidi, na baadhi yake huua. Kwa sababu hiyo maelezo ya Tolosa-Hunt hayawezi kukaa peke yake. Kila hatua yake huambatana na swali la ni nini kingine kinachoweza kujificha mahali pale pale.

Maumivu ndiyo hutangulia. Hukaa nyuma ya jicho au kwenye paji la uso upande mmoja, hayaachi usiku wala mchana, na waliougua huyaeleza kuwa ya kuchimba, yanayozama ndani. Kipandauso huja kwa vipindi na aghalabu hupoa mgonjwa akilala gizani. Haya hayana mapumziko hayo, na Panadol huyapunguza kidogo tu au isiyaguse kabisa. Kisha, wakati huo huo au ndani ya wiki mbili, jicho linaanza kugoma. Mgonjwa akitazama upande mmoja anaona watu wawili alipo mmoja, na lori linalokuja linakuwa malori mawili. Akifumba jicho lolote kati ya hayo mawili, taswira ya pili inatoweka, na hapo hujulikana kwamba kasoro imo katika kwenda pamoja kwa macho, wala haimo katika lenzi. Kope la juu linaweza kulala hadi likafunika mboni. Paji la uso linaweza kufa ganzi.

Jicho lenyewe mara nyingi halitishi kulitazama. Halina usaha wala ule wekundu wa macho ya kuambukiza, kama yale yaliyoenea Mombasa na sehemu za Uganda mwanzoni mwa 2024. Tena lisichanganywe na ule ugonjwa wa uso kwenda upande ambao watu husema umeletwa na upepo wa dirisha la gari. Katika ugonjwa huo wa uso, neva inayoharibika ni ya saba, mdomo hupinda na jicho hushindwa kufumba. Katika Tolosa-Hunt mdomo hubaki sawa, na shida ni jicho kushindwa kufumbuka na kugeuka. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyatenganisha mawili haya kwa dakika moja, bila chombo chochote.

Jicho moja lina misuli sita ya kuligeuza, na neva tatu ndizo zinazoiamuru. Neva ya tatu inashika minne kati yake, na juu ya hiyo inainua kope na kuibana mboni. Ya nne inashika mmoja unaolishusha jicho likiwa limeelekea puani. Ya sita inashika ule unaolivuta kuelekea sikioni. Neva zote tatu, pamoja na tawi la neva ya tano linalobeba hisia za paji la uso, hupita mahali pamoja kabla ya kuingia kwenye tundu la jicho: sinusi ya kavenosi, uwazi uliojaa damu ya vena, ulio kando ya tezi ya pituitari, mmoja kila upande. Ndani ya uwazi huo huo hupita ateri kubwa ya karotidi ikielekea kwenye ubongo. Nafasi ni finyu. Kizuizi kimoja kwenye lango la Malaba husimamisha lori la mafuta ya Kampala na la bidhaa za Juba kwa pamoja, ingawa mizigo hiyo haihusiani. Vivyo hivyo, uvimbe mdogo mahali hapa hugusa neva ambazo kazi zake ni tofauti kabisa. Daktari anapokuta kope lililolala, jicho lisilokwenda nje na paji lililokufa ganzi, vyote upande mmoja, hana haja ya kutafuta magonjwa matatu. Anatafuta sehemu moja ambamo neva hizo zinapakana.

Kinachovimba katika Tolosa-Hunt ni ukuta wa uwazi huo na tishu zinazoizunguka karotidi. Seli za kinga ya mwili hukusanyika zikafanya mafundo madogo yaitwayo granuloma, kama zinavyofanya kwenye kifua kikuu, isipokuwa hapa hakuna kijidudu kinachopatikana.

Wa kwanza kuueleza alikuwa Eduardo Tolosa, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Barcelona, Hispania, mwaka 1954. Mgonjwa wake alikuwa na maumivu ya jicho la kushoto na jicho lililokwama, na picha ya mishipa ilionyesha karotidi iliyobanwa. Tolosa alishuku ateri iliyotuna, akafungua fuvu, asiione. Mgonjwa alifariki baada ya upasuaji, na uchunguzi wa maiti ndio uliofichua mafundo ya mchochota kuizunguka ateri. Mwaka 1961 William Hunt na wenzake huko Ohio, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa sita wa aina hiyo na kuonyesha kwamba dawa za steroidi ziliwatuliza. Jina la ugonjwa, lenye majina ya wawili hao, lilipendekezwa mwaka 1966 na Smith na Taxdal, ambao walisisitiza kwamba wepesi wa maumivu kuitikia steroidi ungeweza kutumiwa kuutambua. Pendekezo hilo la mwisho ndilo lililozaa matatizo yanayoendelea hadi leo.

Prednisoloni, steroidi inayotumika zaidi, ni kidonge cha bei nafuu. Kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na maduka ya dawa ya Busia na Malaba hayakosi kuwa nacho pamoja na ndugu yake deksamethasoni, kwa kuwa dawa hizi hutumika kwa pumu, mzio, viungo na ngozi. Kisheria zote ni za kuandikiwa na daktari, upande wa Kenya chini ya Bodi ya Dawa na Sumu na upande wa Uganda chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Lakini mpaka wa Busia huvukwa kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda kutwa nzima. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na dawa iliyokosekana huku hutafutwa kule. Ajabu ya ugonjwa huu, basi, ni kwamba tiba yake inauzwa karibu na nyumbani ilhali uthibitisho wake uko mbali, kwenye mashine ya MRI.

Mtu mwenye Tolosa-Hunt akianza steroidi kwa dozi ya kutosha, maumivu yaliyomnyima usingizi kwa wiki nzima huondoka kwa siku moja hadi tatu. Ni nafuu inayoshangaza, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ushahidi. Vigezo vya Shirikisho la Kimataifa la Maumivu ya Kichwa vya mwaka 2004 vilitaka dalili zitulie ndani ya saa 72 baada ya steroidi. Toleo la 2013 liliondoa sharti hilo, na badala yake likategemea picha ya MRI au kipande cha tishu kinachoonyesha granuloma. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzito. Saratani ya limfu (limfoma) hunywea kwa steroidi, wakati mwingine kiasi kwamba kipande kinachokatwa baadaye hakionyeshi tena seli zake. Uvimbe wa pituitari unaweza kutulia kwa muda. Hata maumivu ya kifua kikuu cha utando wa ubongo hupungua. Nafuu, kwa maneno mengine, haimtaji mwenyewe aliyekuwa akiuma, na steroidi iliyotangulia vipimo humfichia daktari kile alichokuwa akikitafuta.

Magharibi mwa Kenya tahadhari hii ina uzito wa pekee, kwani orodha ya vinavyofanana na Tolosa-Hunt haikai sawa kila mahali. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya hutanguliza maradhi yanayoonekana huko. Busia inabidi ianze kwingine.

Kwanza ni maambukizi. Kifua kikuu na kaswende vyote viwili vinaweza kujenga vinundu chini ya ubongo na kuzibana neva zile zile. Kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, kuvu aina ya kriptokokasi huingia kwenye utando wa ubongo, kichwa kikauma siku nyingi, na neva ya sita ikalegea, mara kwa mara pande zote mbili. Mji wa mpakani wenye madereva wa masafa marefu hauwezi kukiacha kipimo cha virusi hivyo nje ya hatua za mwanzo. Hatari ya haraka zaidi ni damu kuganda ndani ya sinusi ya kavenosi kwa sababu ya usaha uliosafiri kutoka usoni, mara nyingine kutoka kwa jipu la puani lililotumbuliwa. Huyo ana homa, jicho limefura na kutokeza mbele, na anazidiwa kwa saa. Anahitaji antibiotiki za mshipani siku hiyo hiyo, na kumpa steroidi peke yake ni kumwangamiza. Homa, kwa kweli, ni kigezo kizuri mahali ambapo kila kichwa kinachouma huanza kwa kupimwa malaria: Tolosa-Hunt kwa kawaida haileti homa, na mtu aliyekwisha kunywa dozi mbili za dawa ya malaria huku jicho likizidi kulala hana la kungoja kutoka kwa dozi ya tatu.

Kwa watoto yupo adui mwingine. Busia imo katika ukanda wa malaria wa Ziwa Viktoria, na ukanda huo ndio makao ya limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Hukua kwa kasi kwenye taya, tumbo na tundu la jicho, na inaweza kuzilemaza neva za jicho kabla uvimbe wa nje haujaonekana vizuri. Mtoto wa umri wa shule mwenye jicho lililokwama achukuliwe kuwa na saratani hii hadi vipimo vikatae. Inatibika kwa dawa za saratani ikiwahiwa.

Kwa watu wazima, saratani ya nyuma ya pua, ambayo madaktari wa Nairobi waliiandikia sana katika miaka ya 1960, hupanda hadi chini ya fuvu na mara nyingi huanza na neva ya sita. Damu kidogo puani, sikio lililoziba upande mmoja na tezi shingoni ni dalili zake, na mgonjwa huwa hazihusishi na jicho mpaka aulizwe. Kisukari nacho hulemaza neva ya tatu, kikaleta maumivu na kope kulala; mboni kwa kawaida hubaki ikifanya kazi, na jicho hurudi lenyewe kwa miezi mitatu hivi. Mboni iliyotanuka na kukataa kubanwa na mwanga, pamoja na maumivu ya ghafla, huashiria ateri ya ubongo iliyotuna na iliyo karibu kupasuka. Hiyo ni dharura isiyongoja kliniki ya Jumatatu.

Safari ya kuyachuja yote haya ina vituo vyake. Mkazi wa Malaba ataanzia zahanati au Hospitali ya Kocholia huko Teso Kaskazini; wa mjini Busia, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Hapo mengi yanawezekana kuliko watu wanavyodhani: kupima sukari, virusi vya Ukimwi, kaswende na shinikizo la damu, kupeleka makohozi kipimo cha kifua kikuu, kutazama mboni kwa tochi na kumtaka mgonjwa afuate kidole pande zote. Tabibu wa macho akiongeza ukaguzi wa neva ya optiki nyuma ya jicho, tayari nusu ya orodha imefutwa au imethibitishwa. Sehemu iliyobaki ndiyo inayosafiri: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, na kwa mambo ya macho yenyewe Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga. Wengine huvuka hadi Hospitali ya Macho ya Benedictine mjini Tororo, ambako ni karibu na Malaba kuliko Eldoret.

Picha inayotakiwa ni ya MRI yenye dawa ya kung'arisha, ielekezwe kwenye sinusi ya kavenosi. Picha ya kawaida ya CT ya kichwa, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi, inaweza kutoka safi kabisa huku mchochota ukiwapo. Ina faida ya kuonyesha uvimbe mkubwa na damu iliyovuja, lakini majibu yake mazuri hayamalizi jambo. Kadi ya picha ikiandikwa tu kwamba kichwa kinauma, mpiga picha hatapiga vipande vyembamba vinavyohitajika, na gharama yote imepotea. Mara nyingi huongezwa kipimo cha maji ya uti wa mgongo ili kutafuta maambukizi na seli za saratani. Kipande cha tishu hukatwa kwa nadra kwa sababu mahali penyewe ni pa hatari.

Kuvuka mpaka kunaleta shida moja isiyo ya kitabibu. Faili la mgonjwa halivuki naye. Aliyechomwa deksamethasoni upande mmoja akafika hospitali ya upande wa pili na maumivu yamekwisha kutulia ataonekana kama mtu anayepona, na picha yake ikapigwa wakati mchochota, au limfoma, umejikunyata. Pakiti tupu ya dawa aliyoibeba mfukoni ina thamani kuliko maelezo ya kidonge cheupe kidogo.

Vipimo vikielekea kwenye Tolosa-Hunt, steroidi ndiyo tiba, na hapo haina mshindani. Dozi inayotajwa mara nyingi ni miligramu moja ya prednisoloni kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hushushwa taratibu kwa wiki au miezi. Kwa vidonge vya miligramu 5, mtu wa kilo 60 humeza 12 kwa siku mwanzoni, na hapo huonekana kwa nini viwili vitatu vya kubahatisha kutoka dukani havimponyi na wala havithibitishi kitu. Hakuna majaribio makubwa ya kulinganisha dozi, kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno kukusanywa. Kinachofuatwa ni uzoefu. Maumivu huisha mapema, misuli huchelewa. Jicho huchukua wiki hadi miezi kurudi, na kwa wachache kengeza kidogo hubaki. Bila dawa yoyote pia ugonjwa unaweza kujiondokea baada ya wiki kadhaa, jambo ambalo limewapa sifa waganga wengi wasiostahili.

Dozi hiyo ina gharama mwilini. Sukari hupanda, shinikizo hupanda, tumbo huchomeka, usingizi hupotea, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka. Kusimamisha ghafla vidonge vilivyomezwa kwa wiki nyingi ni hatari, kwa sababu tezi za adrenali huwa zimeacha kutengeneza homoni yake. Halafu kuna minyoo. Busia imejulikana duniani kwa minyoo tangu mradi wa kuwapa dawa wanafunzi wa shule 75 za msingi ulioanza mwaka 1998. Utafiti uliotokana nao, wa Edward Miguel na Michael Kremer, ulichapishwa mwaka 2004, na Kremer akawa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Mradi ule ulilenga minyoo mingine ya udongo na kichocho. Mnyoo mwingine wa udongo, strongiloidi, hukaa utumbo wa mtu kwa miaka bila kelele, na steroidi ikishusha kinga huzaana na kusambaa mwilini hadi kuua. Dozi moja ya albendazoli haimwondoi kwa uhakika. Aivamektini ndiyo inayotumika. Daktari anayeanza steroidi ya muda mrefu kwa mkulima wa Teso au mvuvi wa Port Victoria ana sababu ya kulifikiria hilo kabla ya kidonge cha kwanza.

Wakati jicho halijarudi, kulifunika moja huondoa taswira ya pili na kumpa mgonjwa nafuu ya kutembea na kusoma. Hakumpi ruhusa ya kuendesha. Mwenye jicho moja lililofunikwa ghafla hukosa kupima umbali, na barabara ya kutoka Webuye hadi Malaba, yenye malori kutwa kucha, haisamehe hilo. Kwa dereva wa lori au wa bodaboda hii ndiyo sehemu ngumu zaidi ya ugonjwa, kwa kuwa maumivu yakiisha siku ya tatu hujiona mzima, na siku asizofanya kazi hazilipwi.

Wagonjwa karibu nusu huupata tena, baada ya miezi au miaka, upande ule ule au wa pili. Wanaorudiwa mara kwa mara hupewa dawa nyingine za kutuliza kinga, kama azathioprini au methotreksati, ili steroidi ipunguzwe. Kila unaporudi, vipimo huanzwa upya, maana baadhi ya waliowahi kuitwa wenye Tolosa-Hunt walikuja kugunduliwa baadaye kuwa na limfoma au uvimbe mwingine uliokuwa mdogo mno kuonekana mara ya kwanza. Ndiyo sababu MRI hurudiwa miezi michache baada ya matibabu hata kwa mtu asiyelalamika, na kuendelea kurudiwa hadi uvimbe utoweke kwenye picha.